Mtetea anapolalia kwa mara ya kwanza: mwachie mayai, usimwachie vifaranga

Kundi langu la kwanza lilikuwa la vifaranga tisa. Siku ya tatu baada ya kutotolewa niliwafungulia uani asubuhi, nikijiambia mama yao anajua. Adhuhuri walikuwa watano. Kesho yake jioni walikuwa wawili, na kunguru bado walikuwa juu ya mnazi wakimtazama yule mtetea akizunguka huku anaita. Uchungu ule sijausahau.

Tangu hapo nimefuga kuku wa kienyeji hapa Mwambani, nje kidogo ya mji wa Tanga, na karibu kila anayekuja kuniuliza habari za kuku anayelalia kwa mara ya kwanza namkuta na kosa lilelile langu. Siku 21 za mayai anamsumbua kuku: anamwinua, anahesabu, anawaita majirani waje kuona. Vifaranga wakishatoka, siku ambazo mkono wake unahitajika kweli, anafungua mlango. Inatakiwa kinyume chake, na ndivyo nitakavyoeleza hatua kwa hatua.

Hakikisha kwanza kwamba amelalia

Mtetea aliyekusudia kulalia hujulikana. Jioni wenzake wanapopanda kulala, yeye anabaki kwenye kiota. Ukipeleka mkono anatutumua manyoya, anakokoreka, na wengine wanadonoa kwelikweli. Ukimtoa nje anatembea amejivimbisha, analia kwo, kwo, kwo, anakula harakaharaka kisha anarudi alikotoka. Papasa chini ya kifua chake: utakuta ngozi tupu yenye joto, manyoya yamepukutika ili joto lifike kwenye mayai.

Lakini huyu ni mgeni wa kazi. Anaweza kukaa siku mbili, ya tatu akaondoka na asirudi. Kwa hiyo usimpe mayai mazuri siku hiyohiyo. Mwachie mayai mawili matatu usiyoyaonea uchungu, halafu nenda na tochi saa nne usiku, mara tatu, usiku kwa usiku. Ukimkuta palepale mara zote tatu, mwamini.

Nazungumzia kuku wa kienyeji. Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili watage tu, na hulka ya kulalia imewatoka. Chotara wengine hulalia vizuri, wengine huacha njiani.

Mayai ya kumpa

Usimpe mayai yake ya mwanzo kabisa. Mayai ya kuku anayeanza kutaga ni madogo, na vifaranga wake hutoka wadogo na dhaifu. Tafuta mayai ya kuku wakubwa wanaotembea na jogoo, ya kwako au ya jirani unayemwamini. Jogoo mmoja kwa majike kumi hivi anatosha.

Yai la kulaliwa lisizidi siku saba. Kwenye joto letu la Januari hadi Machi mimi sivuki siku tano, kwa sababu chumba kikiwa na joto kali kiinitete huanza kukua polepole ndani ya yai kisha kinakufa, hata kabla kuku hajalikalia. Yaweke penye ubaridi ndani ya nyumba, uvunguni kwa mfano, kwenye sahani ya mchanga mkavu, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Kwenye friji hapana. Usiyaoshe pia: ganda lina utando unaozuia uchafu kupenya, na maji huuondoa. Lenye kinyesi kingi kaangia chai.

Idadi? Manane hadi kumi kwa mtetea mwenye umbo la kawaida. Najua wapo wanaoweka 15 na wakafanikiwa, ila walikuwa na koo, yaani kuku mama waliokwisha kulea, wakubwa na waliozoea. Kipimo ni rahisi: akishajikalisha, asionekane na yai hata moja nje ya mbawa zake. Yai linaloonekana leo litapoa, kesho atalivuta ndani na kusukuma jingine nje, na mwisho wa yote umepoteza manne kwa uroho wa mawili.

Kiota

Chagua pembe yenye kigiza, isiyopitwapitwa na watu wala kuku wengine: stoo, kona ya jiko la nje, chini ya ngazi. Kuku wengine wakipafikia watamwongezea mayai yao, na utakuwa na yai la siku ya pili kando ya yai la siku ya 15. Ndiyo maana mayai yote unayompa uyatie alama kwa penseli, duara zima kulizunguka yai. Lisilo na alama ni la mgeni, liondoe.

Kikapu kipana cha ukindu, boksi la mbao, dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, vyote vinafaa. Weka kwanza udongo mkavu, kina cha vidole vinne, uufinyange kama bakuli pana ili mayai yaelekee katikati yasitawanyike pembeni. Juu yake weka nyasi kavu au nyuzi za makumbi.

Sasa wadudu, na hapa naomba usiharakishe. Mtetea mpya akiacha mayai siku ya kumi, watu husema hana akili. Mimi kwanza nafunua nyasi, na mara nyingi nakuta utitiri umejaa, vidoa vyekundu na vyeusi vinavyotembea. Hakuna kiumbe atakayekaa wiki tatu juu ya kitu kinachomnyonya damu usiku kucha. Changanya majivu ya kuni yaliyopoa kwenye ule udongo, ongeza majani makavu ya mwarobaini, na siku mbili tatu kabla ya kumpa mayai mpake kuku mwenyewe poda ya wadudu kutoka duka la dawa za mifugo, chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Umpake kabla, maana akishakalia mayai usimrudishie dawa juu ya vifaranga watakaotoka.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna siafu. Niliwahi kuitwa alfajiri kwa jirani, mama na vifaranga wote wamekwisha. Siku hizi masika yakianza kiota changu nakiweka juu ya meza fupi, kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu kidogo. Kingo za kiota ziwe ndefu, na vifaranga wakishakauka ndipo nawashusha.

Usiku wa kumpa mayai

Fanya kazi hii baada ya isha, giza likiwa limetulia. Ukilazimika kumhamisha kutoka alikochagua mwenyewe, mhamishe usiku huohuo: mbebe kwa mikono miwili, mbawa zimebanwa, mweke karibu na mayai aingie mwenyewe. Akishatulia, toa yale ya majaribio moja moja. Mayai yote aanze nayo usiku mmoja, usimwongezee kidogokidogo, ili yaanguliwe pamoja.

Andika tarehe ukutani kwa mkaa. Siku 21 ni wiki tatu kamili, kwa hiyo aliyeanza Ijumaa usiku mtarajie Ijumaa.

Bibi yangu aliweka kipande cha mkaa kiotani ili radi isivize mayai. Sijawahi kumpinga, na bado nakiweka, kwa sababu ya bibi.

Siku 21 za kumwachia

Kuku anayelalia hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20: anakula, anakunywa, anaoga vumbi, anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Usiogope harufu ile, ni ya siku nzima kwa mpigo. Weka mahindi au mtama hatua tatu nne kutoka kwenye kiota, na maji safi kivulini. Nafaka nzima inamkaa tumboni kuliko pumba iliyoloweshwa. Usimwekee chakula mlemle kiotani, maana utamkosesha sababu ya kutoka na atachafua mayai.

Wapo wageni wa kazi ambao wanashikilia mno, hawatoki kabisa. Ikipita siku ya pili, mwinue kwa upole jioni. Kwanza pitisha mkono chini ya kila ubawa, kwa sababu mara nyingi ameshika yai hapo na litadondoka. Mweke penye chakula uondoke.

Kuchungulia mayai, mara mbili zinatosha: siku ya saba na siku ya 14. Fanya usiku, kwa tochi ya simu, umelifunika yai kwa kiganja ili mwanga upite ndani tu. Siku ya saba yai zima lina mishipa myekundu iliyotandaa kama mizizi kutoka kwenye doa jeusi. Lililo jeupe tupu halikuwa na mbegu. Lenye mstari wa duara wa damu, kiinitete kimekufa. Yote mawili yaondoe, maana yai viza likipasuka kiotani linaharibu mengine. Likivunjika kwa bahati mbaya, futa mengine kwa kitambaa cha uvuguvugu kilichokamuliwa na ubadilishe nyasi.

Ukimkuta ametoka na mayai yamepoa kidogo, usitupe. Mayai huvumilia saa kadhaa za kuachwa, hasa kwenye joto la huku kwetu. Mrudishe, kisha pima tena kwa tochi baada ya siku tatu.

Watu huuliza habari ya kunyunyizia mayai maji. Hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Acha.

Kuanzia siku ya 18 usiguse tena, hata tochi weka kando. Watoto wa jirani nao waambie. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, wanaujua msemo huu, ila wengi hawajaambiwa kwamba hata aliye juu ya mayai hachunguliwi.

Siku ya kutotoa

Hii ndiyo siku inayomtia mtetea mpya hofu. Tangu siku ya 20 anasikia sauti ndani ya mayai. Koo aliyekwisha kulea anajibu kwa kukokoreka taratibu. Mgeni anaweza kushtuka, akasimama, akainama kutazama, akakaa tena. Mwache. Punguza mwanga kwa kutundika kipande cha gunia mbele ya kiota, na wewe toka.

Kifaranga akishatoboa ganda huweza kuchukua saa 12 hadi 24 kutoka. Anaonekana amekwama, kumbe anapumzika huku akimalizia kuvuta ndani damu na kiini cha yai. Ukimbandua ganda kwa huruma utakata mishipa ambayo bado ina damu, na atakufia mkononi. Nimefanya hivyo. Kuketi pale mikono imefungwa ni kugumu sana, lakini ndiyo kazi ya siku hiyo.

Kile kiini alichokivuta tumboni kinamtosha siku mbili bila kula. Kwa hiyo usiwatoe waliotangulia ukidhani wana njaa, wala usiweke chakula mbele ya mama: mgeni akiona chakula na vifaranga watatu wanatembea, atanyanyuka nao na mayai yanayotoboka yatapoa. Akishanyanyuka, chukua hao watatu uwaweke kwenye kikapu chenye kitambaa, penye joto, arudi kwenye mayai. Uwarudishe chini yake giza likiingia.

Akidonoa kifaranga? Hutokea kwa wanaoanza, wanapoona kitu kigeni kinatembea chini yao. Kudonoa mara moja kwa upole ni kufahamiana tu. Akidonoa kichwani kwa nguvu au kumtupa nje, mwondoe kifaranga hadi usiku, kisha mpenyeze chini ya mbawa kukiwa giza. Wengi huamka asubuhi wamekubali. Akiendelea kesho yake, mnyang'anye wote: wape koo mwingine mwenye vifaranga wa umri uleule, usiku pia, au walee mwenyewe ndani ya boksi lenye chupa za maji ya moto zilizoviringwa kitambaa, ukibadilisha kila zinapopoa.

Usiku toa maganda. Mayai ambayo hayajafanya lolote hadi siku ya 23, yazike.

Mwezi wa tenga

Hapa sasa ndipo mikono yako inapotakiwa.

Mama na watoto waingie chini ya tenga kubwa au banda dogo la wavu, wasitoke wiki tatu nzima. Sakafu iwe kavu, maranda au maganda ya mpunga vidole vitatu. Usitandike gazeti tupu, linateleza na miguu yao hutanuka ikaharibika. Badilisha kila panapolowa.

Maji kwanza, chakula baadaye. Siku ya kwanza weka glukosi kidogo kwenye maji ya kunywa. Tumia kisahani kifupi na ujaze kokoto ndani, wanywe katikati ya mawe. Kifaranga wa siku mbili anazama kwenye maji ya vidole viwili, na mama mgeni hupiga teke bakuli lolote lisilo zito.

Chakula cha dukani cha vifaranga ndicho bora kwa wiki nne za mwanzo, na mama naye ale hichohicho. Usiwape chakula cha kuku wa mayai, kina chokaa nyingi mno kwa figo zao. Kama mfuko hauruhusu, changanya dona au chenga za mchele na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Na dagaa, tafadhali: wanaouzwa huku pwani mara nyingi wametiwa chumvi. Chumvi huua vifaranga haraka. Loweka dagaa, mwaga maji mara mbili, anika upya, ndipo usage. Machicha ya nazi, ambayo kila nyumba ya Tanga inayo, wape kiganja kimoja siku hiyohiyo nazi ilipokunwa. Yakilala yanachacha na kuwaharisha.

Kitu wanachokipenda kupita vyote ni mchwa. Jaza chungu kikuukuu kwa makumbi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, lowesha kidogo, kifunike mdomo chini juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kifunue mbele ya tenga. Utaona mama anavyodonoa, anaachia, anaita, na wao wanavyojifunza kula. Mtetea mpya hujifunza umama pale pale.

Maadui unawajua: mwewe, paka, kenge, nguchiro, panya usiku. Ila hapa mjini na pembezoni hakuna anayemzidi kunguru wa shingo ya kijivu, ndege aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji na ambaye sasa ametapakaa pwani yote. Huja wawili: mmoja anamchokoza mama, wa pili anachukua. Koo mzoefu hajitengi na watoto wake, mgeni hukimbilia vita na kuwaacha wazi. Hii ndiyo sababu ya wiki tatu.

Wiki ya nne anza kuwatoa saa kumi alasiri, saa moja tu, ukiwa hapo. Asubuhi wasitoke kabla umande haujakauka, tuseme saa tatu. Kifaranga aliyelowa anapoteza joto upesi, na kundi linaloburutwa na mama kwenye majani mabichi hupungua bila adui yeyote kuonekana.

Magonjwa yasiyosubiri

Kideri, au mdondo, ndicho kinachofagia banda zima. Hakina dawa, kina chanjo tu. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, na huvumilia joto kuliko za zamani, ingawa usiiache juani. Ni tone moja jichoni, mkubwa na mdogo sawasawa. Mtetea achanjwe walau wiki mbili kabla ya kuanza kutaga, kwa kuwa kinga yake hupita kwenye yai. Vifaranga wapewe wiki ya kwanza, warudiwe wiki ya nne, halafu kila miezi mitatu. Usimchanje aliyekwisha kuugua. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo panga siku na majirani mkichange. Utakuwa umejikinga zaidi, kwa sababu kuku wao ndio watakaokuletea ugonjwa.

Kuhara damu huja kati ya wiki ya tatu na ya sita, hasa sakafu ikiwa mbichi. Wanajikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi kina damu. Amproliamu kwenye maji ya kunywa hutibu ukiwahi siku ileile, fuata kipimo cha kwenye pakiti na umwulize bwana mifugo wa kata.

Viroboto wale wanaong'ang'ania kuzunguka macho ya kifaranga, wapake mafuta ya mgando kwa kidole, kwa uangalifu yasiingie jichoni. Viroboto wanakosa hewa na kudondoka. Kinyesi kikiganda nyuma na kumziba, kilainishe kwa maji ya uvuguvugu, usikibandue kikavu. Ndui huenezwa na mbu, kwa hiyo chanjo yake ya kwenye ubawa iwahi kabla ya mvua.

Baadaye

Mama amekonda. Mpime mkononi uone mfupa wa kifua ulivyochongoka, kisha umlishe vizuri. Ukitaka arudi kutaga mapema, mtenge na watoto wakifikisha wiki ya tano, ukiwa umewazoesha kulala peke yao penye joto. Usipokuwa na haraka, mwache hadi atakapoanza kuwafukuza mwenyewe, wiki ya nane hivi au zaidi.

Akipoteza wengi mara hii, mpe nafasi ya pili. Wangu wawili walioshindwa kabisa mara ya kwanza, mmoja alikuja kulea 11 kati ya 12. Aliyeshindwa mara mbili, mayai yake mpe koo mwingine, yeye aendelee kutaga. Na kwa huyo uliyemwamini, chemsha kipande kile cha gunia, osha kikapu ukianike juani, mwaga udongo wote wa zamani pamoja na nyasi, uweke mpya na majivu mapya. Utitiri wa uzao wa kwanza bado umo humo unamsubiri.